Sikio la Kushoto la Tandala



Watu wanaofika ofisini kwetu kuandikisha ndoa au kutafuta cheti cha ubatizo hunikuta nikiandika katika vitabu vikubwa vya parokia, tena pole pole, kwa kuwa kosa katika kitabu cha ubatizo halifutiki. Wengi hudhani kwamba mikono hii haikupata kushika kitu ila chaki na kalamu. Kumbe msimu mmoja mzima ilishika kisu, nami nilichuna vichwa vya wanyama porini. Leo nataka kukueleza kazi hiyo jinsi ilivyo. Tena nataka kukueleza jambo nililolitenda katika kazi hiyo, nikakaa nalo mwaka mmoja na nusu bila kumwambia aliyestahili kuambiwa.

Mwaka 2016 nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu. Cheti nilikuwa nacho, shule sikuwa nayo. Mwaka ule serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi wake, nasi tuliotoka vyuoni tukabaki nyumbani tukila ugali wa wazazi huku tunaona haya. Ndipo alipokuja mjomba wangu, kaka yake mama. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mchunaji katika kambi ya wawindaji wageni, kusini ya Itigi, upande wa Pori la Akiba la Rungwa. Akamwambia mama, "Dada, nipe huyu kijana. Msaidizi wangu ameacha kazi. Huo ualimu utamkuta huko huko." Mama akakubali. Nikafunga shuka, sweta na rozari, tukapanda lori.

Kabla ya kuendelea, neno moja. Mnyama wa porini si wa aliyemwona kwanza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kukaa na nyara bila kibali, iwe pembe, ngozi, au jino. Kambini kila mnyama aliyeangushwa alikuwa amelipiwa, na askari wa wanyamapori alikuwapo akiandika. Basi usije ukakamatwa na kichwa cha pongo nyuma ya jiko ukasema kwamba karani wa parokia ndiye aliyekufundisha.

Sasa kazi yenyewe. Mgeni anayekuja kuwinda anatamani kichwa kitakachotundikwa ukutani kwake, Marekani au Ulaya, kionekane kama mnyama aliye hai anakutazama. Huko kwao hufanya hivyo hivyo kwa paa wa misitu yao, yule mwenye pembe za matawi, na namna ya kumchuna haina tofauti kubwa na hii yetu. Mimi zamani nilidhani kwamba kichwa kizima hukaushwa. Sivyo. Nyama, ubongo, ulimi, macho, vyote huoza. Katika kile kinachotundikwa, kilicho cha mnyama ni ngozi na pembe tu, pamoja na kipande cha fuvu kinachozishika. Ndani ni sanamu ya povu gumu, na macho ni ya kioo. Hapo kale waliijaza ngozi majani makavu, hata mnyama akaonekana kama gunia la pamba. Mmoja wa walioitengeneza upya kazi hiyo ni Carl Akeley wa Marekani, aliyefinyanga kwanza umbo la mnyama kwa udongo, kila msuli mahali pake, ndipo akaivika ngozi. Alifia Kongo mwaka 1926, kwenye Mlima Mikeno, akiwa katika safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, akazikwa huko huko.

Basi ngozi ikiharibika mikononi mwa mchunaji, hata fundi bora wa Marekani hana la kufanya.

Nichukue tandala dume, kwa sababu habari yangu ni ya tandala. Unamjua: pembe zake zimejipinda kama kamba iliyosokotwa, ana ndevu ndefu kooni, na mstari mweupe unaokatiza usoni kati ya macho. Kwanza unakata ngozi kuzunguka mwili mzima, nyuma ya mabega. Wanaoanza kazi hukata karibu na shingo, wakidhani mgeni anataka kichwa tu, nao huharibu kila kitu, kwa kuwa sanamu ile ina shingo na kifua. "Ngozi iliyozidi fundi ataipunguza," mjomba alizoea kusema, "iliyopungua ataitoa wapi?" Kisha unapasua juu, mgongoni mwa shingo, kutoka mabegani kwenda kisogoni. Kamwe usipasue chini kooni kama tunavyofanya kwa mbuzi wetu, maana mshono wa kooni huonekana na mtu yeyote aketiye sebuleni. Ukifika kisogoni mpasuo unagawanyika mara mbili, mmoja kwa kila pembe.

Penye shina la pembe ngozi imeshika sana. Mjomba alitumia bisibisi ya kawaida aliyoinoa ncha, akaichomeka kati ya pembe na ngozi, akainua kidogo kidogo, asiache hata unywele mmoja kwenye pembe. Masikio unayakata ndani kabisa, karibu na fuvu, yabaki kwenye ngozi pamoja na gegedu lake. Kisha unashuka usoni. Ukikaribia jicho unatia kidole cha mkono wa kushoto ndani ya jicho kutoka nje, unaivuta kope mbele, nawe unakata nyuma yake ukisikiliza kwa kidole kisu kinapopita. Ukikosea hapo, mnyama atakuwa na kope iliyopasuka miaka yote atakayokaa ukutani. Kwa kongoni ni kazi zaidi, kwa sababu mbele ya jicho ana kijishimo cha tezi, na ngozi ya mle imeng'ang'ania mfupa. Midomo unaikata karibu na ufizi, ukiacha utando wa ndani wa mdomo ubaki kwenye ngozi, kwa kuwa fundi atauhitaji kuikunja. Pua unaikata kwenye gegedu, nyuma ya tundu zake.

Hapo ngozi imetoka, na mtu asiyejua atasema kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Chumvi haipiti penye unene. Kwa hiyo midomo lazima ipasuliwe kwa ndani, ifunguke kama kitabu. Pua ipunguzwe nyama hata ibaki ngozi tupu. Na masikio yageuzwe.

Kugeuza sikio ndiko kulikonitoa machozi. Sikio ni ngozi mbili zilizoshikana na gegedu katikati yake. Unaanzia shinani, unatenga ngozi ya nyuma na gegedu kwa kijiti kilichochongwa butu, unasukuma, unageuza, kama mtu anayegeuza soksi, hata ufike ncha na kingo zote. Kingoni ngozi ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Ukiharakisha inatoboka. Ukiacha sehemu bila kuitenga, chumvi haifiki hapo, na joto la pori halimngoji mtu. Vijidudu vya kuozesha huanza kazi saa ile ile mnyama anapokufa. Siku chache baadaye unagusa nywele, zinabaki mkononi. Na masikio ya tandala ni makubwa mno, mapana kama kiganja cha mtu mzima na zaidi.

Baada ya hayo ndiyo chumvi, laini, si ya mawe, uzito wake kama uzito wa ngozi yenyewe, isuguliwe upande wa nyama kwa kiganja mpaka kila kunjo lipate. Ngozi inalazwa penye mteremko ili maji yake yatoke. Kesho yake unakung'uta chumvi iliyolowa, unatia nyingine. Kisha unaianika kivulini. Juani itapikika, na ngozi iliyopikika hailainiki tena. (Ndugu mfugaji, hata ngozi ya ng'ombe au mbuzi wako ungeitendea hivi, ungepata bei nyingine kwa mnunuzi.) Ukitaka kujua chumvi ina maana gani katika kazi hii, mwaka 1909 Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishukia Mombasa kuja kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington, na msafara wake ulikuwa na tani 4 za chumvi kwa ajili ya ngozi. Wapagazi waliibeba kichwani. Mimi nikiinua gunia moja kutoka ghalani nilikuwa nawafikiria hao.

Mjomba alikuwa Mkatoliki wa kweli katika kambi ile yenye watu wa kila namna. Tarehe 24 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo Mtume, hakugusa kisu kabla ya kusali. Mapokeo yanasema kwamba mtume huyo alichunwa ngozi akiwa hai, nao watengeneza ngozi wakamchukua kuwa msimamizi wao. Nilimwambia mjomba kwamba jambo hilo ni kama kuwachagulia wachinjaji msimamizi aliyechinjwa. Akanitazama tu. Hakuona sababu ya kucheka.

Basi ilikuwa Oktoba, joto kali. Siku hiyo asubuhi waliangusha nyati, tukashinda naye mpaka alasiri. Jua linatua, gari likaingia tena, na nyuma yake tandala. Mgeni alikuwa amemtafuta siku kumi na mbili. Alikuwa akiipima pembe kwa utepe, anacheka, anarudia kuipima. Mjomba alichuna uso wote mwenyewe, macho, midomo na pua, kwa mwanga wa taa ya jenereta. Saa tatu usiku jenereta ikazimwa kama kawaida. Akaniachia tochi na masikio mawili, akaenda kuosha fuvu.

La kulia nililigeuza lote, mpaka ncha. La kushoto nilifika nusu. Mgongo uliniuma, tochi ilikuwa inafifia, na wenzangu walikuwa wamekwisha kula, nasikia wanavyoongea kando ya moto. Nikasema moyoni, nusu iliyobaki chumvi itaifikia. Nilijua kwamba haitaifikia. Nalijua sawasawa kama ninavyojua kwamba mbili na mbili ni nne.

Mjomba akarudi. "Umefika ncha?"

"Nimefika, mjomba."

Yeye alikuwa na desturi ya kukagua kwa kidole. Akatia kidole chake katika sikio la kulia, akakipitisha kingo zote, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akasema, "Lete la pili." Nami, ndugu msomaji, niliigeuza ngozi ile nzito upande huu na upande huu, kama mtu anayetafuta sikio jingine, nikampa lile lile la kulia. Tochi niliielekeza pembeni. Akalipitisha kidole mara ya pili, akasema, "Sasa una mkono." Tukatia chumvi tukaenda kulala.

Siku ya nne tulikuwa tunaikunja ngozi tuifungie kibandiko chake. Mjomba aliposhika sikio la kushoto, nywele zilibaki kiganjani mwake, na chini yake ngozi ilikuwa ya kijani, inanuka. Hakusema neno. Akalifungua sikio la kulia, likawa zima. Akarudia la kushoto, akatia kidole, akasimama hivyo muda mrefu, kidole kimo ndani.

Mwindaji bingwa aliyemwongoza mgeni aliitwa, na mkubwa wa kambi naye. Wakapanga kwamba mgeni atauziwa ngozi ya tandala mwingine huko kwao, fundi aivike pembe zake. Jambo hilo hufanyika. Ndiyo kusema kwamba yuko mtu mahali fulani anayewaonyesha wageni wake uso wa tandala ambaye hakumwona maishani. Bakshishi ya banda letu ikafutwa. Mkubwa wa kambi alimsema mjomba mbele ya wapishi, maneno ambayo mtu wa umri wake hapaswi kuambiwa. Mjomba akajibu, "Nilikagua mwenyewe, bwana. Masikio yote mawili nilitia kidole. Kosa ni langu."

Mimi nilikuwa nimesimama na gunia tupu mkononi. Nilinyamaza.

Nilidhani ataudhika siku mbili tatu, kisha yatapita. Sikuwa nimefikiri lile lililompata. Yeye aliamini kwamba kidole chake kilipita katika sikio bovu, kikalisoma kuwa zima. Tangu siku ile akawa anakagua kila kitu mara tatu, nne, ananiita mimi nikague nyuma yake. Usiku nilimwona ameketi kitandani akijigusa ncha za vidole kwa kidole gumba, kimoja baada ya kimoja. Msimu wa 2017 kambi ilimtumia habari aende kama kawaida. Akakataa. Akamwambia mama, "Dada, vidole vyangu vimekufa." Akanipa mimi visu vyake vyote na kile kijiti, akisema mimi bado kijana. Nikavipokea. Nikavifunga katika kitambaa, nikaviweka chini ya kitanda.

Mwanzoni mwa 2018 Paroko alinichukua niwe karani. Kwaresima ile nikaenda kuungama. Nilikuwa nimekwisha kuungama uongo ule mara moja kabla, lakini kwa haraka, katikati ya mengine, kama mtu anayepitisha noti iliyochanika kati ya noti nzima. Safari hii nilieleza yote. Padre akaniuliza jambo moja tu: "Na huyo mzee mpaka leo anaamini kwamba vidole vyake vimekufa?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha akanipa malipizi, ambayo unaweza kuyakisia.

Hata hivyo sikwenda mara moja. Jumapili ya Matawi nilifika mpaka njia panda ya kwake nikarudi. Nilikwenda siku ya Pasaka yenyewe, tarehe 1 Aprili, baada ya Misa, kwa sababu siku hiyo tulikusanyika wote kwake na sikuwa na pa kukimbilia. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Mama na wanawake wengine walikuwa jikoni. Nilimkuta mjomba chini ya mwembe, nikampa shikamoo, nikaketi chini, si kwenye kigoda. Nikaweka mbele yake kile kitambaa chenye visu.

Nikamwambia, "Mjomba, sikio la kushoto sikuligeuza. Usiku ule nilikupa la kulia mara mbili."

Hakuelewa. Ikanibidi kueleza tena, nikimwonyesha kwa mikono jinsi nilivyoigeuza ngozi. Nilingoja anipige, na wallahi, kama wasemavyo jirani zetu, ningeshukuru. Hakunipiga. Aliuliza, "La kulia? Mara mbili?" Akatazama mkono wake wa kuume, upande wa kiganja, halafu upande wa nyuma.

Kisha akasema, "Mwaka mzima nimelima viazi."

Sikuwa na jibu. Akakaa kimya mpaka nikasikia wanawake wanacheka jikoni na nikadhani wamesikia habari yangu, kumbe ni mambo yao. Halafu akamwita mtoto alete kichwa cha mbuzi kabla hakijapelekwa motoni. Akakifungua kitambaa, akachagua kisu kidogo na kile kijiti butu. Akaikata ngozi, akayatoa masikio yote mawili, akafumba macho. Akaligeuza la kwanza hata ncha, macho yamefumbwa. Sikio la mbuzi ni jembamba kuliko la tandala, na kazi yake ni ngumu zaidi. Akaligeuza la pili. Akanipa mkononi. Nikatia kidole, nikapitisha kingo zote. Hakuna palipotoboka wala palipobaki.

"Hili ni lipi?" akaniuliza.

"La kushoto, mjomba."

"Tia na hilo jingine." Nikatia.

Julai alikwenda kambini. Nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa kijana mwingine, naye hawakumwondoa kijana wa watu. Mjomba akachukuliwa kama msaidizi, chini ya yule kijana, kwa mshahara wa msaidizi. Alifanya hivyo misimu mitatu, hata magoti yakamshinda. Sasa yuko nyumbani. Kila mwisho wa mwezi humpelekea kidogo katika posho yangu. Hakuniomba, wala hajakataa, na mpaka leo hatujapata kuhesabu ni kiasi gani kingetosha.

Lakini siku ile ya Pasaka, nilipomrudishia masikio yale ya mbuzi, aliyalaza juu ya jani la mgomba, upande wa nyama juu, akayanyosha kwa kidole gumba, akaniambia, "Unakaa nini? Lete chumvi." Nikaenda jikoni kumwomba mama. Alikuwa na pakiti moja tu ya chumvi ya chakula cha Pasaka, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni mjomba anayeitaka. Akanipa yote.